Kabati la chumba cha kulala: kila mtu awe na fasi yake



Sisi tunaofundisha tunasimama kila asubuhi mlangoni mwa kalasi na kuwahesabu watoto. Wengine wanafika kengele ikiwa imekwisha kulia. Tukiwauliza sababu, mara nyingi jibu ni moja: "Mwalimu, shimizi yangu haikuonekana." Au sketi ya bluu ilikuwa chini ya nguo za baba, na baba alikuwa angali amelala. Mtoto hana kosa, na mama yake si mvivu. Shimizi nyeupe ilikuwamo nyumbani, imefuliwa na kupigwa fero. Kilichokosekana ni fasi yake.

Hatuandiki haya ili kucheka nyumba za wengine. Kwetu mambo yalikuwa vile vile. Tuko watu sita: baba, mama, wasichana wawili, kijana mmoja na nyanya yao. Tulikuwa na kabati kubwa lenye kioo, tulilonunua kwa mtu aliyekuwa anahama. Wageni walilisifu. Lakini ndani lilikuwa na chuma kimoja kirefu cha kutundika nguo, na ubao mmoja tu juu yake. Nguo zote za watu sita zilirundikana chini ya chuma kile kama mahindi shambani. Kila asubuhi mtu mmoja alitafuta shimizi, na watano wakapata hasira.

Siku moja tuliamua kulipanga upya, kwa kadiri ya nguo zetu na watu wetu. Tulichojifunza ndicho tunachowaletea juma hili.

Kuhesabu mbele ya kumwita fundi

Tulianza siku ya posho, asubuhi. Tulitoa kila kitu, tukaweka juu ya kitanda, tukafanya mafungu manne: nguo za kila siku, nguo za kanisa na sherehe, nguo za baridi, na nguo ambazo hakuna anayezivaa tena. Halafu tukahesabu. Nguo zinazoomba kutundikwa, yaani robe, koti la baba na mashimizi, zilikuwa kumi na nne tu. Nguo za kukunjwa zilipita sitini: vikwembe, mabaya, patalo, masweta, mashuka, blanketi.

Hapo tukaelewa. Kabati letu lilikuwa limetengenezwa kwa watu wanaovaa makoti. Sisi tunavaa vikwembe, na kikwembe hakitundikwi, kinakunjwa. Pisi moja ya yadi sita ni karibu mita tano na nusu za kitambaa. Ukiitundika inateleza na kuanguka. Ukiikunja vizuri inakaa kama kitabu. Kwa hiyo nyumba ya Kikongo inaomba mbao nyingi za kupanga na chuma kifupi cha kutundika. Robo tatu kwa kukunja na robo moja kwa kutundika, hiyo ilitutosha.

Nyanya zetu walijua kukunja. Wengi wao walikuwa na sanduku la bati chini ya kitanda. Katika kambi za Union Minière du Haut-Katanga, kule Panda na Shituru, wamama walifundishwa kushona na kupiga fero, na nguo za siku kubwa zililala sandukuni. Sanduku lilikuwa salama, lakini lilikuwa na taabu moja: unachokitaka kiko chini siku zote. Mbao za kabati zinaponya taabu hiyo, mradi rundo lisipite sentimita thelathini. Rundo likiwa refu kuliko hapo, umerudi sandukuni.

Vipimo tulivyompa fundi

Tulimwita fundi wa mbao tukiwa na karatasi mkononi, kwa maana fundi akifika bila vipimo vyako atakutengenezea kabati la jirani. Hivi ndivyo tulivyoandika.

Kwenda ndani: sentimita 58. Kitundikio cha nguo za mtu mkubwa kina karibu sentimita 45, na bega la koti linapita hapo kidogo. Ukikata mbao za sentimita 40, mlango hautafunga.

Upana: sentimita 180, tukagawanya sehemu tatu za sentimita 60. Ya kwanza ni ya mama na nyanya, ya pili ya baba, ya tatu ya watoto.

Urefu wa kutundika: robe ndefu inaomba sentimita 140, shimizi inaomba 100. Kwa hiyo chini ya mashimizi ya baba palibaki nafasi ya mbao mbili, na viatu vikapata fasi.

Kwa watoto, chuma tulikiweka sentimita 100 tu kutoka chini. Hapo ndipo mabadiliko yalipoonekana. Mtoto wa miaka saba anafika mwenyewe, anatundika mwenyewe, anatoa mwenyewe. Chuma kikiwa juu ya kichwa chake, kazi ni ya mama mpaka mtoto aoe.

Miguu: sentimita 10 kutoka chini. Na mgongo wa kabati usiguse ukuta. Tuliacha vidole vinne.

Juu ya mbao, fundi alitupa shauri zuri. Mulombwa ni ghali kidogo, lakini moyo wa mti ule unashindana na mchwa kwa miaka. Mikaratusi ni ya bei nafuu, ila ikikatwa mbichi inapinda, na milango inakataa kukutana. Sisi tulichanganya: miguu na nguzo za mulombwa, mbao za ndani za mikaratusi iliyokauka vizuri, mgongo wa tripleksi. Tulitoa avansi, kisha tukamaliza kwa mafungu matatu. Mlango wa kioo cha zamani tuliutumia tena.

Kisanduku cha binti

Binti yetu mkubwa ana miaka kumi na tatu. Alipoulizwa anataka nini ndani ya kabati, hakuomba kioo. Alisema: "Ninataka fasi ambayo kaka hafungui."

Wamama, sote tunajua sababu. Msichana anayeficha vitambaa vyake vya mwezi chini ya godoro anavitumia vikiwa na unyevu, na kitambaa chenye unyevu kinaleta ugonjwa. Siku nyingine hakipati, na siku hiyo haji masomoni. Tunaona viti vyao vikibaki wazi kalasini, na hawasemi sababu. Basi tukamwomba fundi kisanduku cha kuvuta chenye kufuli ndogo, upana wa sentimita 30. Ufunguo ni wake. Mle ana vitambaa safi vilivyokaushwa juani, nguo zake za ndani, na sabuni. Katika kabati lote, ndicho kitu kidogo kuliko vyote, na ndicho ambacho tusingekubali kukiuza.

Maji ya ziwa na adui wengine

Sisi wa Tshangalele tunakaa na maji. Ziwa letu lilizaliwa wakati mto Lufira ulipofungwa kwa ukuta wa Mwadingusha, na umeme wa pale ulianza kutoka mwaka 1930. Kutoka mwezi wa kumi na moja mpaka mwezi wa nne, mvua inanyesha, ziwa linajaa, na nguo ndani ya kabati lililofungwa zinanuka ukungu. Kikwembe cha siku ya ndoa kinapata madoa meusi ambayo hakuna sabuni inayoyatoa.

Dawa ya kwanza ni upepo. Fundi alitoboa matundu madogo juu na chini ya milango, ili hewa ipite. Siku ya jua, hata katikati ya mvua, tunaacha milango wazi kutoka saa nne mpaka saa nane. Mara moja kwa mwezi vikwembe vinatoka vyote, vinafunguliwa na kukunjwa upya kwa mistari mingine, kwa sababu kitambaa kikikunjwa fasi moja mwaka mzima kinakatika pale pale. Dawa ya pili ni makala: vipande vichache vikavu ndani ya kopo lililotobolewa, kwenye kona ya chini. Vinavuta unyevu. Vikilowa tunavianika juani na kuvirudisha.

Kwa mchwa, tunaweka kila mguu wa kabati ndani ya kopo lenye majivu, na tunafagia nyuma ya kabati kila juma. Mchwa anapenda fasi ambayo fagio haifiki.

Juu ya naftalini tunaomba muwe na akili sana. Wamama wengi wanaiweka ili mende wakimbie. Lakini mtoto mdogo anaiona kuwa bonbon, na akimeza ni hatari kubwa. Tena nguo za mtoto mchanga zisikae nayo kamwe: kuna watoto ambao damu yao inaharibika kwa harufu yake tu, wanakuwa na macho ya manjano. Nguo za mtoto mchanga zikae peke yake, kavu, ndani ya mfuko wa kitambaa safi.

Na kuna yule nzi anayetaga mayai juu ya nguo zinazokauka kivulini au chini kwenye majani. Ukivaa nguo ile, mnyoo unaingia katika ngozi na kufanya jipu. Kwa hiyo nguo isiingie kabatini mbele ya kukauka juani, juu ya kamba, na kupigwa fero pande zote mbili, hasa kwenye mshono na kiuno cha kaputula. Fero ya makala inatosha, mradi iwe na moto wa kweli.

Kupanga kwa mkono, si kwa jicho

Waya kubwa za umeme zinapita juu ya vichwa vyetu, lakini saa kumi na moja asubuhi wengi wetu tunaamka gizani. Kwa hiyo kabati letu tulilipanga ili mkono uweze kulisoma. Nguo za masomo ziko usawa wa kiuno cha mtoto, upande wa kuume, siku zote. Shimizi juu, sketi au patalo chini yake, soksi ndani ya kiatu. Nguo za kanisa ziko juu. Masweta na blanketi ziko juu kabisa mpaka mwezi wa tano. Kisha zinashuka, kwa sababu mwezi wa sita na wa saba baridi ya Katanga haina mchezo. Mshumaa hauingii kabatini. Nguo na moto havina urafiki.

Kama hakuna feza ya fundi

Hayo yote yanawezekana hata bila fundi. Jirani mmoja alichukua makasha manne matupu ya chupa, akayapanga mawili mawili juu ya matofali, akaweka ubao katikati, akafunga kipande cha bomba kutoka ukuta mpaka ukuta na kuning'iniza rido mbele. Kila mtoto ana kasha lake, na rangi yake juu. Watoto wake hawachelewi. Tumeona makabati ya kioo yenye vurugu zaidi ya hapo.

Ubao wa juu: karatasi

Tunamaliza na jambo lililotufanya tuandike.

Mama mmoja wa karibu nasi alifiwa na bwana yake. Siku ya tatu ya kilio, ndugu za marehemu walikuja na mkokoteni, wakabeba kabati jinsi lilivyo. Mama alilia juu ya vikwembe. Majuma mawili baadaye akakumbuka kwamba ndani ya kabati lile kulikuwa na akti ya ndoa, akti za kuzaliwa za watoto wote, na karatasi ya lopango. Hapo alikaa kimya, hakuweza hata kulia.

Sheria haiko upande wa wenye mkokoteni. Kanuni ya Familia ya nchi yetu, ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inaweka watoto wa marehemu mbele ya warithi wengine, na mke aliyebaki ana haki zake. Lakini mbele ya hakimu mtu anaulizwa: karatasi iko wapi?

Kwa hiyo kila kabati liwe na fasi ya karatasi, na fasi hiyo iwe kitu ambacho mama anaweza kukibeba kwa mkono mmoja. Sisi tuna mkoba wa plastiki unaofungwa vizuri, maji yasiingie, kwenye ubao wa juu nyuma ya mashuka. Ndani yake mna akti za kuzaliwa, akti ya ndoa, karatasi ya lopango, vyeti vya masomo, karatasi za chanjo. Kopi za zote ziko nyumba nyingine, kwa mtu tunayemwamini. Baba anajua, mama anajua, binti mkubwa anajua. Na mwenye mtoto mchanga asisahau: kuandikisha kuzaliwa ni katika siku 90, bila kulipa. Kisha akti ile iingie ndani ya mkoba siku ile ile.

Siku ya posho inayokuja, wamama, mbele ya kupika bukari, toeni nguo zote juu ya kitanda na kuhesabu. Waulizeni watoto kila mmoja anataka fasi gani. Na kabla ya kurudisha hata kikwembe kimoja, wekeni karatasi kwanza.