Si Kila Tezi Ngumu ni Saratani

Aghalabu mke ndiye wa kwanza kuona: mume anaamka mara tatu au nne usiku, anakawia msalani, anarudia udhu kwa kuchelea matone. Wakifika hospitalini, daktari huipapasa tezi dume akaikuta ngumu. Damu ikapimwa, PSA ikatoka juu. Hapo neno saratani huingia nyumbani kabla halijathibitishwa.

Tezi dume ni kiungo kidogo, kiasi cha ndimu, kilichouzunguka mrija wa mkojo chini ya kibofu. Huweza kuvimba pasipo saratani. Iko aina moja ya uvimbe, isiyotokea sana, ambamo chembe za kinga ya mwili hujikusanya zikafanya vinundu vigumu ndani ya tezi. Huweza kufuatia maambukizo ya njia ya mkojo, upasuaji wa tezi, kifua kikuu, au dawa ya BCG inayotiwa kibofuni kutibu saratani ya kibofu. Mara nyingi sababu haijulikani.

Uvimbe huu huwahadaa hata mabingwa. PSA ni protini ya tezi yenyewe, wala si alama ya saratani peke yake. Tezi ikivimba, protini hiyo huongezeka katika damu. Kidole hukuta ugumu ule ule, na picha ya MRI huweza kuonyesha doa lile lile. Kinachopambanua ni vipande vyembamba vya nyama vinavyotolewa kwa sindano na kutazamwa kwa hadubini.

Basi mambo mawili yaepukwe. La kwanza ni kukata tamaa kwa karatasi moja ya PSA. La pili, lenye hatari zaidi, ni kusema "ni uvimbe tu" na kukimbia kipimo kwa haya. Kwani saratani iliyogunduliwa mapema hutibika, na maradhi hayo mawili huweza kukutana katika tezi moja.

Ikiwa pana maambukizo ya mkojo, hutibiwa kwanza, kisha PSA hurudiwa baada ya wiki kadhaa. Ikithibitika kuwa ni uvimbe huo, mara nyingi hupoa wenyewe kwa miezi. Wa kifua kikuu hutibiwa kwa dawa zake. Homa kali yenye kutetemeka, au mkojo kuziba, ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo.

Kutafuta tiba ni katika mafundisho ya Mtume wetu (s.a.w.), na maradhi si aibu. Bibi afuatane na mumewe, amuulize daktari: "Je, kinyama kimepimwa, na majibu yamesemaje?" Mpaka jibu lipatikane, neno saratani lisitangazwe, wala lisipuuzwe.