Sarafu za Marekani za Wakati wa Vita

Wakati wa Vita Kuu ya Pili shaba ilihitajiwa sana kwa kutengeneza risasi, basi katika mwaka wa 1943 Serikali ya Marekani iliacha kuitumia katika sarafu ya senti moja. Mahali pake palitumiwa chuma kilichopakwa zinki, namna ile ile ya mabati ya kuezekea nyumba. Senti hizo zilikuwa nyeupe, hata watu wakazidhania kuwa ni za senti kumi. Tena zilishika kutu. Mwaka uliofuata shaba ilirudishwa.

Mwenye kuona senti ya chuma asidhani amepata utajiri, kwani zilipigwa zaidi ya milioni elfu moja, na zilizochakaa huuzwa kwa bei ndogo tu. Zenye thamani kubwa ni zile chache za 1943 zilizopigwa kwa shaba kwa makosa. Mojawapo iliuzwa mwaka wa 2010 kwa dola milioni 1.7. Ndiyo maana wadanganyifu huzipaka shaba senti za chuma. Sumaku huwafichua mara moja: sarafu ikivutwa, ni chuma. Lakini wengine huikwangua tarakimu ya mwisho ya 1948 ionekane kama 1943, na hapo sumaku haisaidii.

Nikeli nayo ilitakiwa vitani. Tangu Oktoba 1942 hata mwisho wa 1945 sarafu ya senti tano ilichanganywa shaba 56 kwa mia, fedha 35 na manganizi 9. Hutambulikana kwa herufi kubwa ya P, D au S juu ya kuba la nyumba ya Monticello. Hata ikichakaa, fedha iliyomo, gramu moja na robo tatu, ina thamani kupita senti tano.