Nyongo Iliyosingiziwa

Tarehe 7 Novemba 1857 Richard Burton na John Speke waliingia Kazeh, mahali ambapo leo ni sehemu ya Tabora, baada ya safari ya siku 134 kutoka pwani. Snay bin Amir, mfanyabiashara Mwarabu wa Unyanyembe, aliwapokea kwa ukarimu mkubwa. Lakini katika misafara ya njia ile, iwe ya wageni, ya Waswahili au ya wapagazi wa Kinyamwezi, kituo cha Kazeh kilikuwa pia mahali pa kuuguza homa. Mgonjwa alitetemeka, akatapika maji machungu ya njano, na siku chache baadaye macho nayo yakageuka njano. Madaktari wa Ulaya wa zama hizo waliyatazama matapishi hayo wakatoa hukumu kwamba nyongo imezidi mwilini. Maradhi yenyewe wakayaita homa za nyongo, na tiba ikawa kuitoa nyongo hiyo kwa nguvu.

David Livingstone, aliyekuwa daktari kwa taaluma na aliyekaa Kwihara, nje kidogo ya Tabora, kuanzia Februari hadi Agosti 1872, alikuwa na vidonge vyake mwenyewe vya homa. Alichanganya kwinini na dawa tatu za kuharisha: mzizi wa jalapa, rubabu na kalomeli, ambayo ni kiwanja cha zebaki. Mgonjwa aliharisha vibaya, kisha wengine wakapata nafuu, na sifa ikaenda kwa kule kuharisha. Kumbe iliyofanya kazi ni kwinini. Mwaka 1880 Alphonse Laveran, akiwa Algeria, aliviona vimelea vya malaria ndani ya damu ya mgonjwa, na tangu hapo nyongo ilistahili kuachiwa huru.

Haijaachiwa. Mpaka leo mtu akitapika manjano asubuhi huambiwa nyongo imempanda, akachemshiwa mizizi ya kuishusha. Mimi nadhani hakuna kitu mwilini kinachosingiziwa kuliko hiki, na usingizio huo una gharama, kwa sababu ugonjwa wa kweli wa kifuko cha nyongo unapokuja hatuutambui.

Kwanza, matapishi. Tumbo likiwa tupu na mtu akaendelea kutapika, kinachotoka ni nyongo iliyorudi nyuma kutoka utumbo mwembamba. Inaonyesha tu kwamba tumboni hakuna chakula. Malaria hutapisha, ujauzito hutapisha, hata njaa pamoja na pombe hutapisha, na nyongo itaonekana katika hali zote hizo bila kuwa na kosa.

Pili, rangi. Chembe nyekundu za damu huishi takriban siku 120, kisha huvunjwa, hasa katika bandama na ini. Kutokana na mabaki yake hupatikana bilirubini, kitu cha njano ambacho ini hukichuja na kukitupa nje kupitia nyongo. Vimelea vya malaria hupasua chembe hizo kwa wingi, bilirubini ikaongezeka kuliko ini linavyoweza kuiondoa, na macho yakawa njano. Yaani nyongo ya wasafiri wale ilikuwa inazoa uchafu wa vita iliyopigwa ndani ya damu.

Nayo haijasingiziwa homa peke yake. Januari 2015 watu 75 walikufa Chitima, mkoa wa Tete, Msumbiji, baada ya kunywa pombe ya kienyeji msibani. Uvumi ulienea mara moja kwamba pombe ilitiwa nyongo ya mamba, imani iliyoenea sana Afrika Mashariki na Kusini. Wachunguzi walipopima pombe walikuta sumu iliyotengenezwa na bakteria walioota katika unga ulioharibika.

Sasa kazi yake halisi. Nyongo hutengenezwa na ini, wala si na kile kifuko cha kijani ambacho mchinja kuku hukitoa kwa tahadhari kisipasuke. Ini la mtu mzima hutoa kati ya nusu lita na lita moja kwa siku. Kifuko, kilichojibanza chini ya ini upande wa kulia, hubeba mililita 30 hadi 50 tu. Huihifadhi nyongo na kuifyonza maji hadi iwe nzito. Ukila dagaa wa Kigoma waliokaangwa kwa mawese, utumbo mwembamba huyahisi mafuta na kutoa homoni iitwayo kolesistokinini. Homoni hiyo hukikamua kifuko na papo hapo kulegeza mlango wa misuli ulio mwisho wa mrija wa nyongo, nayo ikamiminika juu ya chakula. Chumvi zilizomo huyavunja mafuta kuwa matone madogo mno, kama sabuni inavyofanya kwenye sufuria, ili vimeng'enya vya kongosho viweze kuyasaga. Bila chumvi hizo mwili hushindwa kufyonza vizuri mafuta pamoja na vitamini A, D, E na K. Zikimaliza kazi hazitupwi: takriban asilimia 95 hufyonzwa mwishoni mwa utumbo mwembamba na kurejea kwenye ini, zikatumika tena mara kadhaa kwa siku hiyohiyo.

Mambo hutumbukia nyongo pale mchanganyiko huu unapopoteza uwiano. Lehemu ikizidi, au kifuko kikikaa muda mrefu bila kukamuliwa, chembechembe huganda na kuwa mawe. Wanawake huyapata zaidi kuliko wanaume, hasa waliozaa mara nyingi. Umri wa kuanzia miaka 40, unene, kisukari, na hata kupungua uzito kwa kasi huongeza uwezekano. Wengi wenye mawe hawajui kama wanayo, na wasiosumbuliwa hawahitaji kufanyiwa chochote.

Lipo jiwe la aina nyingine linalotuhusu zaidi sisi wa magharibi na kanda ya Ziwa: jiwe jeusi la bilirubini. Huwapata watu ambao damu yao huvunjika kupita kiasi kila siku, na kwetu hao ni hasa wenye sikoseli. Chembe zao nyekundu huishi siku 10 hadi 20 badala ya 120, kwa hiyo nyongo yao hubeba bilirubini nyingi tangu utotoni, na mtoto wa miaka 10 anaweza kuwa na mawe. Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazopata watoto wengi zaidi wenye ugonjwa huu duniani. Sababu inaturudisha kwenye homa ileile ya misafara. Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba aliyerithi jeni la sikoseli kutoka kwa mzazi mmoja tu hukingwa dhidi ya malaria kali. Malaria ilihifadhi jeni hilo katika nchi hizi kizazi baada ya kizazi, na wanaolirithi kutoka kwa wazazi wote wawili ndio wanaoumwa, mawe yakiwamo.

Jiwe likiziba mlango wa kifuko, maumivu huanza chini ya mbavu za kulia au chembe cha moyo, mara nyingi usiku baada ya mlo mzito, yakapanda hadi mgongoni au bega la kulia. Hudumu nusu saa hadi saa kadhaa kisha huachia. Wengi hutibiwa vidonda vya tumbo kwa miaka. Maumivu yakidumu zaidi ya saa sita na homa ikaingia, kifuko kimeanza kuvimba, na hapo ni hospitali siku hiyohiyo.

Hatari kubwa zaidi ni jiwe lililoteleza na kunasa kwenye mrija mkuu. Nyongo hukosa njia, bakteria wakaingia, na mgonjwa akaja na homa ya kutetemeka, macho ya njano na maumivu ya tumbo. Hapa Tabora dalili hizo zitaitwa malaria kali kabla hajavua viatu. Kipimo cha malaria kikionyesha ndiyo bado hakijamaliza shauri, kwa kuwa mtu anaweza kuwa na vyote viwili. Kinachonisaidia mimi ni kuuliza juu ya choo. Damu ikivunjika kwa malaria au sikoseli, bilirubini bado hufika utumboni, na choo hubaki na rangi yake ya kahawia. Mrija ukiziba, choo hupauka na kuwa kijivu, mkojo hukolea kahawia, na ngozi huwasha mwili mzima. Wagonjwa huona haya kulisema hili, na wahudumu nao husahau kuuliza. Jiwe hilohilo likinasa chini zaidi, karibu na tundu la kongosho, linaweza kulivimbisha kongosho lenyewe, na hilo huweza kuua.

Kipimo cha kwanza ni utrasaundi, kinachopatikana hospitali za rufaa kama Kitete hapa mjini na Nkinga wilayani Igunga. Dawa ya kunywa limau na mafuta ya zeituni, inayosambazwa siku hizi kwenye simu, haitoi mawe. Vile vidonge vya kijani vinavyoonekana chooni ni mafuta yenyewe yaliyoganda kuwa sabuni tumboni, na imani inayoisukuma tiba hiyo ni ileile ya kalomeli.

Mawe yanayosumbua hutibiwa kwa kuondoa kifuko chote. Carl Langenbuch alifanya hivyo kwa mara ya kwanza Berlin mwaka 1882, wakati mtemi Mirambo angali anatawala Urambo, na mwaka 1985 Erich Mühe, Mjerumani pia, akaanza kukitoa kupitia matundu madogo. Bila kifuko ini huendelea kutoa nyongo, ila sasa hutiririka kidogo kidogo moja kwa moja utumboni, na baadhi ya watu huharisha kwa muda baada ya mlo wa mafuta. Mwenye sikoseli huhitaji maandalizi zaidi: mara nyingi huongezewa damu kabla, hupewa maji ya kutosha, na hewa yake ya oksijeni hufuatiliwa kwa karibu. Maandalizi hayo huchukua siku kadhaa, nayo hayawezekani mgonjwa akiletwa usiku kifuko kimeshaoza. Mzazi ambaye mtoto wake ana sikoseli na amelalamikia ubavu wa kulia mara mbili baada ya kula, aombe utrasaundi kliniki ijayo.