Dawa za miti wakati wa mimba: tujue kabla ya kunywa

Katika makanisa yetu ya Kivu, Ituri na Maniema, mama mwenye mimba hapungukiwi na washauri. Mmoja humletea mizizi ya kutuliza kichefuchefu, mwingine majani ya kusafisha tumbo, mwingine dawa ya kuharakisha uchungu. Wote wanamtakia mema. Na mara nyingi kituo cha afya kiko mbali.

Wengine husema: Mungu ndiye aliyeumba miti, basi haiwezi kudhuru. Ni kweli aliiumba. Lakini muhogo mchungu pia ni mmea wake, na usipolowekwa vizuri unadhuru. Kwinini ilitoka katika ganda la mti, na ikizidi kipimo inaua. Mti wenye nguvu ya kuponya unaweza pia kuumiza.

Hatari kubwa iko katika dawa za kuharakisha uchungu. Baadhi yake hukaza tumbo la uzazi. Hospitali nayo ina dawa ya kazi hiyo, oksitosini, lakini hutiwa katika serumu tone kwa tone, huku mkunga akisikiliza moyo wa mtoto. Kikombe cha majani hakina kipimo. Uchungu ukizidi nguvu, mtoto hukosa hewa, na tumbo la uzazi linaweza kupasuka, zaidi kwa mama aliyewahi kuzaa kwa kupasuliwa. Mkunga asipojua mama amekunywa nini, anaweza kumwongezea dawa juu ya dawa.

Vilevile, utomvu wa manjano wa aloe vera huharisha na haumfai mwenye mimba. Chai ya artemisia isichukue nafasi ya dawa ya malaria. OMS haikubali itumiwe kutibu wala kuzuia ugonjwa huo. Vidonge vya kuzuia malaria vinavyotolewa kwenye CPN, kuanzia mwezi wa nne, visiachwe. Tangawizi kidogo katika chai, kama chakula, haina shida.

Mama, mwambie muuguzi kila unachokunywa, bila haya. Ukiona damu, ukiumwa kichwa sana, au mtoto akiacha kucheza, nenda siku hiyo hiyo. Ninyi bibi na mama wakwe, mkono wenu ni wa thamani: msindikizeni mapema. Nanyi wauguzi, msimkaripie, kwa sababu anayekaripiwa leo atawaficha kesho.