Mbolea kwa Ajili ya Mlaji

Mkulima anaponunua mbolea huwaza magunia. Ni haki yake, maana sokoni hulipwa kwa kilo. Lakini nafaka inaweza kujaza ghala na bado ikamwacha mtoto na upungufu wa zinki, madini ambayo mwili huyahitaji ili ukue na upambane na maradhi. Mtoto akiyakosa hudumaa, na kuhara humwandama. Anayekula nyama na dagaa mara kwa mara huyapata huko. Familia inayoshinda kwa ugali au mkate hutegemea punje, na punje haina cha kutoa ikiwa mmea haukupata.

Uturuki ililiona hilo mapema. Katika nyanda kavu za Anatolia ya Kati, udongo una chokaa nyingi, na zinki hunaswa humo mizizi isiweze kuifyonza. Miaka ya 1990 watafiti, akiwemo mtaalamu wa lishe ya mimea Ismail Cakmak, walionyesha kuwa ngano ya huko ilikuwa ikidhoofu kwa kukosa zinki. Mbolea yenye zinki ilipowekwa, mavuno yalipanda, na viwanda vikaanza kuichanganya na mbolea za kawaida.

Hapo ndipo wengi wangeridhika. Kumbe zinki inayotosha kuongeza mavuno aghalabu haitoshi kumlisha mlaji. Iliyowekwa ardhini huufaa mmea, ila kinachofika kwenye punje huwa kidogo. Njia yenye nguvu zaidi kwa ngano ni kunyunyizia majani, tena mmea ukiwa umeshakua: suke linapokaribia kuchomoza, kisha tena punje inapotoa maji meupe kama maziwa ikiminywa. Wakati huo mmea unahamisha chakula kutoka kwenye majani kwenda kwenye punje, na zinki husafiri humo humo. Ukinyunyizia mapema mno, nyingi hubaki kwenye majani na kuishia kwenye mabua.

Majaribio ya mashambani katika nchi saba, Zambia ikiwemo, yalichapishwa mwaka 2012. Ngano isiyopewa zinki ilikuwa na wastani wa miligramu 27 kwa kila kilo ya punje. Iliyonyunyiziwa majani ilifikia 48. Dawa yenyewe ni salfeti ya zinki, chumvi inayoyeyuka kwenye maji: gramu 100 kwa bomba la lita 20, jioni jua likiwa limepoa ili majani yasiungue.

Mbolea nyingine nazo zina usemi wake. Mmea ulioshiba naitrojeni hufyonza zinki vizuri na kuifikisha kwenye punje. Fosfeti ikizidi, huipunguza. Kwa hiyo anayemwaga DAP, mbolea yenye fosfeti nyingi, kila msimu bila kupima udongo anaweza kuwa anaipunguzia familia yake zinki bila kujua.

Sisi walaji wa mahindi tusidanganyike kwamba matokeo ya ngano yatajirudia kwetu yalivyo. Mahindi huitikia unyunyiziaji kwa kiasi kidogo kuliko ngano. Na hata zinki iliyomo, nyingi imo kwenye kiini na tabaka la nje la punje, sehemu zile zile mashine ya kukoboa inazozitoa ili tupate sembe nyeupe. Mifugo hula pumba zenye zinki, mtoto analishwa wanga. Dona inaibakiza, ingawa ina pia fitati, kemikali inayoikamata zinki tumboni. Kuchachusha unga wa uji, kama bibi zetu walivyofanya, hupunguza fitati hiyo.

Swali gumu ni nani alipie. Ni nadra mnunuzi kumwongezea mkulima shilingi kwa sababu ngano yake ina zinki, na kuingia shambani na bomba ni kazi na gharama. Nafuu ipo: kwenye ngano na mpunga imejaribiwa kuchanganya salfeti hiyo na baadhi ya dawa za wadudu na magonjwa, ikafanya kazi, hivyo safari moja ya bomba hutosha. Tena mbegu yenye zinki nyingi huota kwa nguvu zaidi kwenye udongo maskini. Bado, kumwachia mkulima mdogo mzigo wa afya ya taifa si haki. Serikali zinazotoa ruzuku ya mbolea ziweke zinki ndani ya mfuko huo huo wa ruzuku, kuanzia maeneo ambayo vipimo vya udongo vimeonyesha upungufu.