Kabla ya andiko la mradi, mkutano wa kijiji

Vijana wengi wanaotaka kuamsha ushiriki wa wananchi huanza kwa kumtafuta mfadhili: nani anatoa, anatoa kiasi gani, maombi yanafungwa lini. Kwa kikundi cha kata kama Mpapura, katika Halmashauri ya Wilaya ya Mtwara, ningependa waanze na swali jingine. Mkutano mkuu wa kijiji ulikaa lini mara ya mwisho, na nani aliuliza nini?

Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya 1982 inamfanya kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea kuwa mjumbe wa mkutano huo. Unatakiwa ukae angalau kila baada ya miezi 3, na watu wasomewe mapato na matumizi. Jukwaa lipo, na halihitaji ruzuku ili liundwe. Kinachopungua ni watu waliojiandaa: aliyesoma karatasi iliyobandikwa kwenye ubao wa ofisi ya mtendaji, anayejua kaya zilichanga nini kwa ajili ya darasa, na anayeweza kusimama akauliza kwa adabu, bila kuyumba, kwa nini darasa hilo bado halijaezekwa.

Mtwara inajua gharama ya maswali yaliyokosa majibu. Madai ya wananchi juu ya gesi asilia yalianza kwa maandamano Desemba 2012, na kufikia Mei 2013 yakaishia kwenye vurugu, vifo na nyumba kuchomwa. Ndiyo maana naiona kazi ya vijana ya kuwaandaa watu kuuliza kuwa ya lazima.

Sasa fedha. Vijiweni hutajwa kwanza ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa mikopo: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Iliwekwa kisheria 2018, ikasitishwa Aprili 2023, ikarejeshwa 2024. Haina riba, lakini ni mkopo, na mkopo hutaka shughuli inayozalisha, kama kufuga kuku au kubangua korosho. Kuhamasisha watu wahudhurie mkutano hakuzalishi marejesho. Tena kikundi kinachodaiwa na halmashauri kitapata shida kuhoji matumizi ya halmashauri hiyohiyo. Wanaotaka biashara waiundie kikundi chake, mbali na mradi huu.

Kinachofaa hapa ni ruzuku, kama zile za Foundation for Civil Society ya Dar es Salaam. Watoaji wa ruzuku hutaka usajili, katiba, na akaunti ya benki yenye watia saini zaidi ya mmoja. Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya 2002 inaruhusu shirika kusajiliwa hata kwa ngazi ya wilaya pekee. Mwanzo mzuri ni kumwona afisa maendeleo ya jamii.

Maandiko mengi huangukia kwenye bajeti. Mstari unaosema “uhamasishaji, shilingi milioni 3” haumwambii msomaji chochote. Uvunjeni: nakala ngapi za muhtasari wa bajeti ya kijiji, vitongoji vingapi, spika ya kukodi siku ngapi, nauli ya nani kutoka wapi kwenda wapi. Kisha tazameni kalenda. Mwaka wa fedha huanza 1 Julai, kwa hiyo vipaumbele vya vijiji huanza kuandaliwa miezi mingi kabla, wakati ambao watu wako mashambani wakiokota korosho na minada yake inaendelea. Andiko linalopanga mikutano saa 4 asubuhi mwezi Novemba linaonyesha kuwa mwandishi wake haijui Mpapura. Wekeni jioni, au siku watu wanapopeleka korosho chama cha msingi cha ushirika.

Hesabu za kikundi nazo zibandikwe kwenye ubao uleule wa kijiji, hata kabla mfadhili hajaziulizia. Anayedai kusomewa matumizi naye asomwe.

Jambo moja hukwamisha wengi baada ya kupata fedha. Ruzuku aghalabu hulipwa kwa awamu, na awamu ya pili husubiri stakabadhi za ya kwanza. Dereva wa bodaboda hana risiti. Chapisheni mapema hati za malipo zenye tarehe, safari, kiasi, jina na namba ya simu ya aliyelipwa, naye asaini pale pale anapopokea.