Michezo ya Simu za Vitufe: Nani Alipwe, Nani Aitunze?

Kompyuta ya kwanza kushikwa mkononi na watu wengi wa Kasongo, Kabambare na machimbo ya dhahabu ya Salamabila, nchini Kongo, ilikuwa simu ya vitufe. Ndani yake mlikuwa na michezo, kamusi, Biblia na Kurani za kusoma kwenye kioo kidogo, nyingi zikiwa programu zilizoandikwa kwa Java, lugha ya kutungia programu, kila moja faili la kilobaiti mia chache. Mtu alikwenda kwenye kibanda cha kuchaji simu, chenye paneli ya sola juu ya bati, akatoa kadi ya memori na faranga zake, akaingiziwa nyimbo na michezo. Jioni rafiki yake aliupokea mchezo uleule kwa bluetooth, bure.

Mwenye kibanda alilipwa kwa umeme wake na kazi yake ya kunakili. Aliyeutunga mchezo hakupata kitu.

Kisheria, programu ina mwenyewe. Kongo ina sheria ya haki za watunzi ya tarehe 5 Aprili 1986, inayoilinda kazi ya mtunzi mpaka miaka 50 baada ya kifo chake. Tena, tangu tarehe 1 Januari 1997 nchi ni mwanachama wa Shirika la Biashara Duniani, na mkataba wa shirika hilo unataka programu za kompyuta zilindwe kama maandishi ya fasihi. Tuseme kijana wa miaka 25 alitunga mchezo peke yake mwaka 2005. Akijaliwa kufika miaka 80, kazi yake italindwa hadi mwaka 2110.

Kadi ya memori haitafika huko. Kadi huhifadhi data kwa chaji ndogo sana za umeme, na chaji hizo huvuja polepole, hasa kadi ikiwa ya bei rahisi na ikikaa miaka bila kutumika. Simu zenyewe zilileta tatizo jingine: kwa kuwa vioo vilitofautiana, mchezo mmoja ulitengenezwa kwa matoleo mengi, moja la kioo cha nukta 128 kwa 128, jingine la 240 kwa 320. Mwenye toleo la kioo kikubwa hana lile la kioo kidogo, na pengine michoro yake ni mingine kabisa. Maduka ya mtandaoni yaliyouza michezo hiyo kwa halali mengi yamefungwa, hata anayetaka kulipa leo hana pa kupeleka pesa yake.

Ugomvi huu wa kunakili bila kumlipa mtunzi ni wa zamani. Tarehe 3 Februari 1976 Bill Gates aliwaandikia barua wapenzi wa kompyuta za nyumbani Marekani, akilalamika kwamba wengi wao wameiiba programu ya BASIC aliyoiandaa na wenzake kwa ajili ya kompyuta ya Altair. Kwa hesabu yake, malipo waliyopata hayakufikia dola 2 kwa saa ya kazi. Alikuwa na haki ya kulalamika. Programu ni jasho la mtu, na mtunzi asiyelipwa huacha kutunga.

Lakini haki ya kulipwa haitoshi kuitunza kazi. Mmarekani Jordan Mechner alitunga mchezo wa Prince of Persia kwa kompyuta ya Apple II, ukatoka mwaka 1989 na kupendwa duniani kote. Msimbo wake wa asili, yaani maandishi ya programu yenyewe, ukapotea, na yeye mwenyewe hakujua uko wapi. Mwaka 2012 baba yake alilikuta boksi kabatini, ndani yake mna diski za flopi za miaka zaidi ya ishirini. Mafundi waliweza kuzisoma, na Mechner akauweka msimbo wazi ili watu wausome. Boksi lile lingetupwa, msimbo ule ungepotea moja kwa moja.

Wapo wenye mali walioona mbele. Kampuni ya Amstrad, iliyonunua haki za kompyuta za Sinclair ZX Spectrum mwaka 1986, ilitangaza mwaka 1999 kwamba inabaki na haki zake, ila inaruhusu programu ya ndani ya mashine hizo igawiwe pamoja na emuleta, yaani programu zinazoifanya kompyuta mpya itende kama ya zamani. Haikupoteza kitu. Na kwenye simu za Java kulikuwa na Go Bible, iliyotolewa bure kwa leseni inayomruhusu yeyote kuinakili. Aliyeipokea Kabambare kwa bluetooth hakumwibia mtu.

Ruhusa ya namna hiyo ndiyo inayokosekana kwa michezo mingi ya Java, na kampuni zisizoiuza tena zingeitoa bila hasara yoyote. Kwa simu za Android zipo emuleta kama J2ME Loader, kwa hiyo kuichezesha si shida. Shida ni kuyapata mafaili. Kadi zilizosahauliwa kwenye droo za vibanda vya Kasongo huenda zina matoleo yasiyopatikana kwingine. Kuziokoa hakuhitaji mtambo: ni kuzinakili kwenye diski mbili, moja ikae mbali na nyingine, na kuandika jina la mchezo, aina ya simu na mwaka kadi ilipojazwa. Kazi hiyo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kindu wangeweza kuifanya wakishirikiana na wenye vibanda, na wenye vibanda walipwe kwa muda wao.